Kujifunza kuchomelea kwenye darasa la jioni: mwongozo kamili kwa anayeanza sifuri

Wengi wanaotaka kujifunza welding, mchana wana kazi nyingine, huyu bodaboda, yule mwalimu, mwingine ana duka, mwingine geti lake limekatika bawaba na amechoka na fundi wa "kesho bosi". Kwa hiyo darasa la jioni ndo njia yao, na ni njia nzuri tu, ila shida yake ni moja, muda. Unafika saa 11 na nusu umetoka kwenye foleni, saa 2 na nusu mnafunga, ukitoa kuvaa, kutafuta vyuma, kusubiri mashine na kufagia, unakuta muda ambao rodi imewaka mkononi mwako ni kidogo mno. Mwongozo huu wote nimeupanga kwa ajili ya hilo, kuziongeza hizo dakika. Nadharia utaisoma kwenye daladala, vipimo utavipigia hesabu nyumbani, lakini jicho la kuchomelea halipatikani popote zaidi ya mbele ya chuma kinachoyeyuka.

Naongelea kuchomelea kwa rodi, ile ya mashine ya umeme na holda, yaani kishikio cha rodi, maana ndo inayofundishwa sehemu nyingi huku kwetu na ndo inayotengeneza mageti, madirisha na vitanda vya mtaani. Njia nyingine za kuchomelea, gesi, MIG na TIG, zipo, ila anza na rodi, ukiimudu hizo nyingine hazitakusumbua sana.

Kuchagua darasa

Usianze na kuuliza cheti. Nenda jioni wakati darasa linaendelea, simama mlangoni, hesabu mashine zinazofanya kazi halafu hesabu wanafunzi. Mashine nne kwa watu nane mnapokezana vizuri, mmoja anachoma mwenzake anasafisha kipande chake. Mashine mbili kwa watu ishirini hapo utalipa ada ya kuangalia migongo ya watu. Uliza pia rodi ni za nani, maana kuna sehemu ada inaonekana ndogo kumbe kila mtu anajinunulia rodi na vyuma, sio vibaya, ila ujue mapema. Na ndoo au pipa la vipande chakavu lipo? Chuo ambacho hakina chuma chakavu cha kufanyia mazoezi kitakufundisha kwa ubao na chaki.

Tanzania sehemu ya kwanza kuulizia ni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana kozi fupi na ratiba zinatofautiana kituo na kituo, halafu vyuo vya maendeleo ya wananchi, FDC, na vyuo binafsi. Kenya utauliza vyuo vya ufundi, TVET. Kama hamna darasa karibu, karakana ya fundi mwenye subira inaweza kuwa darasa, mnakubaliana malipo, unaingia akishafunga kazi za wateja. Mi binafsi naona karakana inakupa mkono haraka, chuo kinakupa sababu, na mtu anayeweza kupata vyote viwili asiache kimoja.

Swali moja la mwisho kwa mwalimu: "Nikichoma vibaya utanivunjia?" Mwalimu anayeweka kipande chako kwenye jiliwa na kukigonga mpaka kivunjike ili uone ndani, huyo mlipe hata kabla ya mwisho wa mwezi.

Unavaa nini

Hapa watu wengi wanachemka kwa sababu wanatoka kazini moja kwa moja. Jezi ya mpira ni poliesta, cheche ikitua haiwaki tu, inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Vivyo hivyo trakisuti, nguo za ndani za nailoni, na kwa dada zetu hijabu za kitambaa cha kuteleza. Vaa pamba nzito, jinzi na shati la mikono mirefu, overoli ya pamba kama unayo, na kichwani kilemba au kofia ya pamba. Suruali ishuke nje ya buti, usiichomeke ndani, maana ukiichomeka umeitengenezea cheche njia ya kuingia kwenye soksi. Mifuko ya shati iwe na kifuniko. Kiberiti cha gesi kiache kwenye begi, usiingie nacho mfukoni.

Buti la ngozi lenye chuma mbele, mitumba ya Karume na masoko mengine utayapata ya maana kabisa. Kandambili, sendo na yeboyebo hapana, hata kama fundi wa pale mtaani kwako anavaa toka enzi.

Glovu za ngozi ndefu kufika karibu na kiwiko. Angalia ziwe kavu kila siku, glovu iliyolowa jasho inapitisha umeme.

Halafu helmeti. Kuna ya kushika mkononi na ya kuvaa kichwani, wewe chukua ya kuvaa, mkono wa pili utauhitaji sana. Kioo kwa kazi za rodi za kawaida ni namba 10 au 11. Ile inayojifanya giza yenyewe ni rahisi zaidi kwa anayeanza kwa sababu unaona rodi yako iko wapi kabla hujawasha, ila ijaribu kila siku kabla ya kazi na ikisita itupe. Miwani ya jua haizuii kitu hapa, inapunguza mwangaza tu ukadhani uko salama, uso wote unaendelea kupigwa na mionzi. Na jambo dogo ambalo linawapotezea watu wiki nzima: kile kioo cheupe cha nje kikijaa madoa ya cheche huoni kitu, unadhani huna kipaji kumbe kioo kichafu, kibadilishe, ni bei ya soda mbili tatu.

Kwenye begi weka tepu, chaki ya kuandikia chuma au hata chaki ya kawaida, nyundo ya kugongea ganda, brashi ya waya, miwani myeupe ya kuvaa wakati wa kugonga na kusaga, na maji ya kunywa. Ukiwa na vya kwako huombi, na kuomba kunakula muda.

Mashine na rodi, kabla hujagusa holda

Mashine utakazokutana nazo ni za aina mbili. Kuna lile boksi zito la transfoma, mengi yamesukwa kwa mkono hapahapa na mafundi, lina nondo za kuchomeka za moto mdogo na mkubwa, halibembelezi mtu na likiungua linasukwa upya. Na kuna inverta, nyepesi unabeba begani, ina kitufe cha kuzungusha ampea, yaani ukubwa wa moto, aki yake imetulia. Ukiweza anzia inverta, baadaye hamia kwenye boksi ili usije ukababaika ukipewa kazi sehemu ambayo ndo lipo. Aki ni ule mwanga mkali unaowaka kati ya ncha ya rodi na chuma, hapo joto ni maelfu ya nyuzi, na chuma cha kawaida kinayeyuka kwenye nyuzi kama 1,500 hivi.

Rodi ina waya wa chuma katikati na ile dawa iliyoganda nje. Dawa sio pambo. Ikiungua inatoa gesi inayofukuza hewa isiguse chuma kilichoyeyuka, na inaacha ganda juu linalofunika mshono wakati unapoa. Msweden Oscar Kjellberg ndo alileta wazo la kupaka rodi dawa mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya hapo mishono ilikuwa inajaa hewa na kukatika hovyo. Kwa hiyo rodi iliyobanduka dawa upande mmoja, au iliyolowa, usiitumie kwa kazi ya maana, itakupa vitundu.

Nambari kwenye pakti uzisome. E6013 ndo rafiki wa anayeanza, inawaka kirahisi na ganda lake linatoka vizuri. Ile 60 ni nguvu ya mshono, paundi 60,000 kwa inchi ya mraba, ile 1 maana yake inachoma mikao yote, na 3 inakwambia aina ya dawa na umeme unaofaa. E7018 ni ya kazi zinazobeba mzigo, ina nguvu zaidi ila haipendi unyevu kabisa, inatakiwa itunzwe kwenye oveni ya rodi, kwa hiyo ile iliyokaa wazi dukani Tanga au Mombasa msimu wote wa mvua sio 7018 tena hata kama pakti inasema hivyo.

Moto wa kuanzia: rodi ya milimita 2.5 weka ampea 70 mpaka 90, ya 3.2 weka 100 mpaka 130. Hizo ni za kuanzia tu. Jioni watu wote wanawasha majiko, pasi na feni, umeme unashuka, na mashine iliyokuwa inawaka vizuri jana kwa 80 leo inanata kwa 80 hiyohiyo. Sio wewe. Ongeza kidogo.

Klampu ya athi, ile ya waya wa pili wa mashine unaorudisha umeme, ibanwe kwenye chuma cheupe, kilichosagwa rangi na kutu, karibu na unapochomelea. Nusu ya matatizo ya wanafunzi wapya yako hapo na wao wanalaumu mashine.

Jioni za kwanza: kuwasha na kutonata

Chukua pleti ya unene wa milimita 5 au 6, isage mpaka ing'ae. Usianze na bomba jembamba, utatoboa tu na kukata tamaa. Kaa, au egemea meza, kiwiko kimoja kiegemezwe kwenye kitu. Waya wa holda upitishe begani au juu ya paja ili usivute mkono wako. Mkono wa kushoto ushike ule wa kulia kwenye kifundo. Unacheka lakini mkono unaoelea hewani hauchomi mstari ulionyooka hata wa fundi wa miaka 20.

Kuwasha kuna namna mbili, kukwangua na kugonga. Kukwangua ni rahisi zaidi, unaiburuza ncha kidogo juu ya chuma na kuinyanyua mara tu inapowaka. Kugonga ni kushusha wima, kugusa na kunyanyua. Kwangua pale pale utakapochoma, usiache mikwaruzo kwenye kazi ya mtu. Rodi ikinata usipaniki, izungushe kifundo cha mkono kwa nguvu itoke, ikigoma fungua holda uiachie rodi, halafu ndo uing'oe, ikishakuwa nyekundu nzima itupe. Inanata kwa sababu moto mdogo, au umeinyanyua kwa woga, au ncha ina ganda la zamani, ligonge kwanza.

Fanya hivyo jioni nzima. Washa, shikilia hapo hapo mpaka itengenezeke nukta, zima. Washa, nukta, zima. Watu wanaona ni utoto wanarukia mistari, halafu kila wakisimama katikati ya mshono hawajui kuanza tena.

Mstari mmoja ulionyooka

Sasa hapa ndo penyewe, na hapa ndo utakaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya kozi. Chora mstari kwa chaki, kama unatumia mkono wa kulia anza kushoto kuelekea kulia. Rodi isimame karibu wima, sehemu ya juu iinamie kidogo kule unakokwenda, nyuzi 10 mpaka 20, ncha ikitazama nyuma kwenye mshono uliokwisha. Umbali kati ya ncha na chuma uwe kama unene wa waya wa rodi yenyewe, yaani milimita mbili na nusu, tatu. Sasa rodi inaungua inafupika, kwa hiyo mkono una kazi mbili kwa wakati mmoja, kushuka na kusogea, na kushuka ndo watu wanakusahau, aki inarefuka, inaanza kupiga kelele na kutapika cheche kila upande.

Tumia masikio. Aki ya urefu sahihi inasikika kama samaki anakaangwa kwenye mafuta yaliyopata moto, sauti moja inayoendelea. Ikianza kupasuka pasuka uko mbali. Sauti ikififia na kukoroma uko karibu mno, inakaribia kunata. Mwalimu mzuri anasimama nyuma yako ameangalia pembeni kabisa, mshono wako hauoni, na bado anakwambia "shuka, shuka, hapo hapo, tembea", anasikiliza tu.

Halafu macho. Kila anayeanza anaangalia ule mwanga. Usiangalie mwanga. Angalia nyuma yake kidogo, kuna chuma kilichoyeyuka kinachong'aa, mi nakiita uji, na nyuma ya uji kuna ganda jeusi au la rangi ya chungwa linaloufuata. Uji ndo mshono wako, mwanga ni kelele tu. Uji ukiwa na upana mara mbili ya rodi, hata mara mbili na nusu, na ganda likiwa linabaki nyuma bila kuupita, mwendo wako ni sawa. Ganda likianza kukimbilia mbele ya rodi, unatembea polepole sana, au umeilaza rodi vibaya, au moto mdogo, na litanasa ndani ya mshono. Siku ambayo utaona uji na ganda ni vitu viwili tofauti, kozi yako imefika nusu, hata kama mistari bado imepinda.

Usizungushe zungushe mkono kutengeneza mapambo. Mtaani watu wanapenda vile viduara, ila kwa anayeanza kuvuta moja kwa moja kunafundisha zaidi.

Ukimaliza rodi, acha ipoe kidogo, vaa miwani myeupe, gonga ganda ukielekeza mbali na uso, piga brashi, halafu soma mshono wako. Rodi nzima ya 2.5 ikikupa sentimita 15 mpaka 25 uko pazuri. Mshono mwembamba uliobenuka juu, umekaa juu ya chuma bila kushika kingo, moto mdogo. Mshono bapa mpana wenye mfereji uliochimbwa pembeni, moto mkubwa au aki ndefu, na ule mfereji ni ugonjwa kwa sababu umekondesha chuma pale pale panapobeba mzigo. Vitundu vidogo vidogo, uchafu, rangi, kutu, rodi iliyolowa au aki ndefu. Mistari ya ncha kali inayofanana na mshale, umekimbia. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, ukibadilisha moto na mwendo na pembe kwa pamoja hutajua kilichokuponya ni kipi.

Kwa sababu muda ni mdogo, piga mistari sambamba ikigusana mpaka ujaze pleti yote, igeuze, jaza upande wa pili. Pleti ikishakuwa ya moto sana itakudanganya, uji unapanuka wenyewe, iweke pembeni uchukue nyingine, usiichovye kwenye maji kila mara kwa haraka.

Jointi

Anza na T, pleti moja imesimama juu ya nyingine. Shikiza kwanza, yaani piga taki, ncha zote mbili na pande zote mbili, maana chuma kikipoa kinavuta na kile kilichosimama kitalala upande uliochoma. Rodi iwe nyuzi 45 katikati ya pleti mbili, aki fupi, na uhakikishe uji unagusa pleti zote kwa wakati mmoja, kosa la kawaida ni pleti ya chini kula kila kitu na ya juu kuachwa. Baadaye fanya ya kupandanisha, pleti juu ya pleti, halafu ya kuunganisha ncha kwa ncha. Hii ya mwisho acha nafasi ya kama milimita 2 katikati, na chuma kinene zaidi ya milimita 5 kisage kingo kwa mshazari, la sivyo umechomelea juu tu na ndani pako wazi.

Wima kutoka chini kwenda juu ni ya chuma kinene, na ni ngumu, usijilaumu. Kutoka juu kushuka chini ni ya vyembamba.

Tukija kwenye vyembamba, huko ndo utakapoishi ukianza kazi za mtaani, skwea paipu za milimita 1.2 au 1.5. Tumia rodi ya 2.0 na ampea 40 mpaka 60 kama unaipata, au 2.5 kwa moto wa chini kabisa unaowaka bila kunata. Kama mashine ni ya DC geuza nyaya, holda iende kwenye hasi, moto hauchimbi sana. Vyuma vikutane kisawasawa bila mwanya, hapa kukata vizuri ni nusu ya kuchomelea. Choma kinukta, nyanyua, subiri wekundu upungue, kinukta kingine juu ya ukingo wa kile cha kwanza. Pakitoboka usiendelee kumimina kwenye tundu, acha papoe, jenga kutoka pembeni.

Vunja uone

Kila jointi ya T ya mazoezi, choma upande mmoja tu, bana kwenye jiliwa, pindisha kwa nyundo mpaka ipasuke kwenye mshono. Angalia ndani. Chuma cha kijivu kilichochanika pande zote, umeshika. Ukiona mstari mweusi mwembamba kwenye kona ya ndani, au ukingo wa pleti bado umenyooka kama ulivyokatwa, hujafika chini, ulipaka juu. Mabaka ya ganda ndani, hukusafisha au ulitembea vibaya. Kazi ambayo juu inapendeza na ndani haijashika ndo inayoangusha ngazi za watu.

Kwa tenki la maji kuna kipimo cha zamani kinachofanya kazi mpaka leo, paka mshono chokaa upande wa nje, iache ikauke, upande wa ndani pakaza mafuta ya taa. Kama kuna tundu, mafuta yanapenya na chokaa inaonyesha doa.

Grainda

Kwa kweli grainda, ile mashine ya mkononi ya kusagia na kukatia chuma, inajeruhi watu zaidi ya wanavyoiogopa, mashine ya kuchomelea inaonekana ya kutisha na grainda inaonekana kitu cha kawaida. Ya inchi nne na nusu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Kava lake lisitolewe, hata kama linakuzuia kuona. Diski ya kukatia usiitumie kusagia kwa ubavu, inapasuka. Soma spidi iliyoandikwa kwenye diski, iwe sawa au zaidi ya ya grainda, na kwenye kile kipete cha chuma katikati kuna tarehe ya mwisho, zina muda wake. Shika kwa mikono miwili, simama pembeni ya mstari wa diski, kata mahali ambapo kipande kitafunguka na sio kuibana diski. Ondoa matambara, rangi na mafuta kule cheche zinakoelekea.

Vinavyoua na vinavyolaza

Pipa au tenki lililowahi kuwa na petroli, dizeli, thina au spiriti usiliguse. Tenki la bodaboda ni hivyohivyo. "Limekaa wazi mwezi mzima" sio hoja, mvuke unabaki kwenye kutu na mikunjo, ukichoma linalipuka. Mwanafunzi wa jioni kazi hiyo jibu lake ni moja, hapana.

Bomba na mabati yenye zinki yakichomwa yanatoa moshi mweupe. Ukiuvuta, masaa machache baadaye usiku unashikwa na baridi, homa, viungo vinauma, watu wanakimbilia dawa za malaria. Saga zinki itoke sentimita kadhaa kutoka kwenye mshono, choma penye upepo, kichwa kisikae juu ya moshi. Kuhusu maziwa, mafundi wengi wanaamini ukinywa maziwa umejikinga. Maziwa ni mazuri, ila yanaenda tumboni na moshi unaenda mapafuni. Na sio zinki tu, mwaka 2017 IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa WHO, uliweka moshi wa kuchomelea wa aina zote kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Darasa lisilo na dirisha wala feni ya kutoa moshi ni sababu tosha ya kwenda kwingine.

Macho: ukipigwa na mwanga husikii kitu pale pale. Masaa sita, nane baadaye unaamka usiku kama una mchanga machoni, machozi, mwanga hutaki kuuona. Mara nyingi inapona ndani ya siku moja mbili, lakini nenda kituo cha afya, usikamulie maziwa wala kubandika kiazi machoni, unaongeza vijidudu kwenye jicho ambalo tayari limechubuka. Na wewe ukiwasha sema "macho!" kwa sauti, aliyesimama pembeni bila helmeti anaumia pia.

Umeme: mashine ikiwa imewashwa na huchomi, kwenye holda kuna volti 50 mpaka 80 hivi, ukiwa mkavu hutasikia, ukiwa umelowa jasho umekaa juu ya chuma inaweza kukuua. Badilisha rodi ukiwa na glovu, simama juu ya ubao mkavu, mvua ikianza kama mko nje zimeni.

Kazi ya kwanza: stendi ya ndoo

Ukishaweza T inayovunjika vizuri, usikimbilie geti. Tengeneza stendi ya kuwekea ndoo ya maji. Anglaini, chuma chenye umbo la L, ya milimita 25 kwa 25, unene milimita 3, vipande nane vya sentimita 30 kwa fremu mbili na miguu minne ya sentimita 50. Jumla ni mita 4.4, kwa hiyo mche mmoja wa mita 6 unatosha na unabakiwa na mita 1.6 ukitoa kinachopotea kwenye diski, hicho kifanyie mazoezi. Kata vyote kabla, hata jioni ya jana yake, ili siku ya mashine uchome tu.

Panga fremu ya kwanza sakafuni palipo sawa, piga taki kona nne, halafu pima kona kwa kona kwa tepu, diagonali zote mbili. Zikilingana fremu iko mraba. Zisipolingana gonga kona ya ile ndefu mpaka zilingane, taki zinaruhusu, mshono kamili hauruhusu. Fremu ya pili ipange juu ya ya kwanza uipige taki hapohapo ili zifanane. Simamisha miguu, taki, pima tena. Ndo sasa uchome, na usizunguke kona moja mpaka ya mwisho kwa mfuatano, ruka, choma kona hii halafu ya mkabala wake, joto lisivute upande mmoja. Ikicheza cheza sakafuni mguu mmoja umevutwa, saga chini kidogo ile mirefu.

Paka praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo, mshono uliobaki wazi unaota kutu kabla ya sehemu nyingine.

Baada ya kozi

Kwa waliojifunzia karakana, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, unapimwa unachokijua na unapata cheti, na Kenya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, wana mitihani ya fani kwa gredi. Mafundi wengi wazuri hawaujui au wanaudharau, halafu tenda ikija yenye kudai cheti wanamtafuta kijana wa kuwakopesha jina.

Mashine ya kununua ya kwanza, inverta ndogo inayochoma rodi ya 2.5 siku nzima bila kulalamika inatosha. Usidanganywe na ampea zilizochapwa ubavuni kwa herufi kubwa, nyingi za bei rahisi hazifiki. Tafuta kibati chenye asilimia ya muda wa kazi, kikisema 60% kwa ampea 120 maana yake kila dakika 10 inachoma 6 na kupumzika 4 kwa moto huo. Muuzaji akiruhusu ijaribu palepale, choma rodi tatu za 2.5 mfululizo, ya tatu iwake kama ya kwanza. Na kama utafanya kazi sehemu isiyo na umeme, jenereta ya kVA 5 inabeba inverta kwenye rodi ya 2.5, zile ndogo za dukani za kuwashia taa na friji zitazima kila ukigusa chuma.